Marahaba ya Kaanaeli

Watu wa Same wakitaka kumtania mume wangu humwita "Kocha wa Taifa", tena kwa sauti ya kumwita mgombea ubunge. Akipita stendi, wapiga debe wanamuuliza kama timu yake imeshapata hata bao moja, naye kwa upole wake wa kialimu anawajibu kwamba kwenye raga hakuna bao, kuna trai. Wanacheka. Hawajui raga ni nini, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipoolewa kutoka Shighatini nikaambiwa mume wangu ana goti bovu kwa sababu ya raga, nilidhani ni ugonjwa wa ukoo wao.

Naandika habari zake kwa sababu yeye hataandika. Hawa Wapare wa Kusini watabishana kutwa nzima juu ya mpaka wa shamba, lakini muulize mmoja wao kinachomuuma moyoni, utaona anavyoanza kukagua bati la nyumba.

Anaitwa Nathanaeli, mtoto wa mwisho wa Mzee Kaanaeli wa Vudee, kijiji chetu cha milimani. Hilo jina la mzee naliandika tu. Kulitamka sijawahi, maana ni jina la baba mkwe wangu, na katika ukoo huu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata awe amekasirika vipi. Nimekaa nalo mdomoni miaka yote hii. Mtaona lilivyotufunga.

Mzee alikuwa mkuu wa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa na kila shamba linapata zamu yake. Kila mwaka kabla ya mvua baragumu hupigwa, na watu wote wanatoka na majembe kwenda kuzoa matope ndani ya bwawa. Huo ndio msaragambo. Kukosa msaragambo ni aibu hata kwa mlevi wa kijiji. Kwa mtoto wa mkuu wa ndiva, ni tusi.

Na Nathanaeli aliukosa. Wakati huo alikuwa anasoma Arusha, ambako mwalimu mmoja alileta ule mpira wa umbo la yai akawafundisha kukimbia nao mikononi. Mtoto aliyekua akishuka milima mpaka Makanya na gunia la tangawizi begani, ukimpa tambarare na mpira mwepesi, nani atamkamata? Klabu ikamchukua. Halafu siku ile ile baragumu lilipopigwa Vudee, yeye aliitwa Dar es Salaam kwenye mchujo wa timu ya taifa. Akachagua Dar es Salaam. Mzee akasimama kwenye matope mpaka magotini, majirani wanamtazama, na kila mtu anajua ni mtoto wa nani ambaye hayupo.

Aliporudi na jezi ya taifa alimkuta baba yake uani, anakwangua matope kwenye jembe.

"Shikamoo baba."

Mzee akaendelea kukwangua jembe.

Kwa asiyejua, huo ni ukimya tu. Kwa sisi, baba asiyeitikia shikamoo ya mwanawe amefunga mlango na ufunguo ameutia mfukoni. Nathanaeli alicheza miaka, Nairobi, Kampala, Kigali, na kila aliporudi alisalimia, na mzee alikwangua jembe, au alikohoa, au alimuuliza mama habari za mbuzi. Mimi nilipoletwa pale kama mchumba nilisimama bega kwa bega na Nathanaeli, tukasema shikamoo pamoja. Mzee akanitazama mimi, akasema, "Marahaba, mwanangu, karibu." Mimi peke yangu. Niliona aibu kama niliyeiba.

Kisha goti likagoma, mpira ukaisha, Nathanaeli akaajiriwa kufundisha historia sekondari huko Same. Mzee akaugua kichwa. Wiki yake ya mwisho alikuwa anamimina chai pembeni ya kikombe, inatiririka mezani, halafu anainua kikombe kikavu anakunywa. Siku aliyofariki mzee, Nathanaeli alikuwa ameshika miguu yake, akasema shikamoo. Hakujibiwa. Tukazika.

Lakini mzee alishaacha jina. Kaka yake Nathanaeli, marehemu Asheri, alikuwa amempa mwanawe wa kwanza jina la babu yake, kama ilivyo desturi. Asheri alipofariki na mama wa mtoto akaolewa Korogwe, mtoto alibaki kwetu. Na mwenye jina la mzee si mtoto tu. Mama mkwe wangu alimwita "mume wangu" na kumchagulia nyama laini. Mimi nilimwita "baba mkwe" huku nampangusa makamasi. Nathanaeli alimwita "baba". Hakuna mtu nyumbani mle aliyemwita Kaanaeli. Jina hilo lilikuwa la shuleni.

Siku moja Nathanaeli alipanda kutoka Same na begi lake la madaftari, akamkuta mtoto amekalia kigoda cha mzee, mdomo umejaa makande. Akachuchumaa kwa utani.

"Shikamoo baba."

Mtoto akameza. "Malahaba."

Nathanaeli akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata, nikamkuta analia, akaniambia ni moshi wa jikoni. Jikoni hakukuwa na moto. Tangu siku ile hakuwahi kurudi nyumbani bila kumsalimia mtoto kwanza, kabla ya mama yake, kabla yangu, na mtoto akajua kuitikia kama mzee kabisa, kwa kuvuta sauti. Wageni walicheka. Mimi sikuwahi kucheka.

Huyo mtoto akakua, akarithi miguu. Nathanaeli alikuwa ameanzisha timu Makanya, kwenye uwanja mweupe karibu na reli, pale malori ya jasi yanapogeuzia. Raga ya wachezaji saba ni dakika saba, mapumziko mafupi, halafu saba nyingine. Ni fupi hivyo, lakini wanatoka wanahema kama wamepanda Vudee mara mbili. Vijana wa wachimba jasi waliipenda kwa sababu ilikuwa bure na waliruhusiwa kuangushana. Kaana, ndivyo wenzake walivyomwita, alikuwa akikimbia kati yao unadhani wameambiwa wampishe.

Halafu simu ikapigwa kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa ni Edgar, katibu wa chama cha raga: Nathanaeli ameteuliwa kocha wa timu ya taifa ya raga ya saba. Usharika wetu ukafanya maombi ya shukrani. Watu ambao hawakuwahi kuuona huo mpira walimshika mkono. Naye kwenye kikosi akamchagua Kaana, kwa haki, maana hata kipofu angemchagua.

Hapo ndipo kamba ilipoanza kubana. Kocha ni mtu wa amri, na Nathanaeli hakuweza kumwamuru baba yake. Alijaribu. Neno lilimkwama. Basi akabuni njia yake: amri zote za Kaana zilipitia kwa nahodha, kijana mmoja mpole aitwaye Gideoni.

"Gideoni, mwambie mzee asogee ndani."

"Mzee, Kocha anasema usogee ndani."

Na Kaana yuko hapo hapo, anasikia yote. Wachezaji walikufa kwa kicheko mwanzoni, baadaye wakazoea. Mimi nilimwambia Nathanaeli, siku Gideoni akiumwa utafanyaje? Akasema Gideoni ana afya.

Siku hiyo ikafika. Kikosi cha taifa kilikuja Makanya kucheza mechi ya kirafiki na timu ya Moshi, nami nilikuwa nimeshuka na sufuria ya chakula. Gideoni alikuwa chini, misuli imembana, watu wanamnyoosha mguu. Kaana amepata mpira, anakimbia huku anatazama kushoto, na kutoka kulia linakuja jitu la watu. Nathanaeli akaliona. Hakukuwa na wa kupeleka ujumbe.

"Baba!"

Kaana akageuka. Hakugeuka kama mchezaji anayeitwa na kocha. Aligeuka taratibu, kichwa juu, kama baba anayeitwa na mwanawe uani, kusikiliza ana shida gani. Bega la lile jitu likampiga sikioni. Alipoinuliwa, nusu ya uso wake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la jasi, na aliniuliza mara mbili kama tumeshafika Same.

Hospitali Same, daktari alitueleza bila kuzunguka. Ubongo umetikiswa. Asiguse mchezo mpaka dalili zote ziishe na apimwe tena. Akipigwa pigo la pili kabla hajapona, linaweza kumuua. Alisema "kumuua" akimtazama Nathanaeli, si Kaana, kwa sababu alikuwa ameambiwa huyu ndiye kocha.

Mashindano ya kanda yalikuwa yamekaribia. Kaana alipata usingizi, akaamka, akasema yuko fiti. Mbele ya Nathanaeli alikuwa anaruka kamba. Lakini ninayekaa nyumbani ni mimi. Nilimwona anajificha stoo mchana kwa sababu jua linamchoma macho. Nilimwona anatafuta kandambili alizozivaa. Nikamkuta anatapika nyuma ya migomba.

"Mkwe," akaniambia, bado ameinama, "usimwambie baba mdogo."

Sikungoja hata jioni. Nilimpigia simu Nathanaeli akiwa kazini.

"Najua," akasema.

"Unajua! Basi mtoe."

"Nimtoeje, Jenifer?"

"Kwani huna mdomo? Si useme tu, wewe, huendi!"

Nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikimwambia hivyo hataniitikia tena."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, hasira yote ikaniishia pale pale. Nilimhurumia mpaka nikachoka.

Alijaribu kila upenyo, mnisikilize vizuri, maana watu wamesema alikuwa mwoga. Alimpigia Edgar, akamweleza habari za kichwa. Edgar akasema, "Kocha, bila huyo kijana tunakwenda kufanya nini? Mwenyewe ameniambia yuko fiti. Daktari wa timu atamwangalia huko huko." Nathanaeli akasema basi afadhali ajiuzulu. Edgar akamwambia jiuzulu, yupo mwingine tayari, na Kaana atakwenda vile vile. Kwa hiyo akijitoa, anamkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua. Akikaa, ni neno lake tu litakalomtoa, na neno hilo halitoki. Akawa kama mbuzi aliyeuzungushia mti kamba yake mpaka imeisha, shingo imegusa gome.

Akamwendea mama yake amsaidie. Nilikuwepo. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Hapa hapana mtu wa kumfukuza mwenye jina," akasema. "Mlikosana naye mara moja kwa ajili ya huo mpira. Nani alikuwa anabeba maneno katikati yenu? Mwambie mwanao hivi, mwambie mumeo vile. Nimekuwa tarishi ndani ya nyumba yangu mpaka nikamzika. Sasa anakuitikia, na wewe unataka kumuudhi tena? Mwache aende anakotaka."

"Mama, atakufa."

"Amesema ni mzima."

Nilitoka nje, nikapiga teke ndoo. Ilikuwa na maji.

Asubuhi ya safari ilikuwa ya ukungu. Gari la kuwashusha Same lilikuwa linangojewa. Kaana alikuwa amevaa suti ya michezo ya taifa, amekaa kwenye kigoda cha babu yake, mbele yake meza ndogo, chupa ya chai na kikombe. Alipendeza, sisemi uongo. Nathanaeli akatoka chumbani bila begi. Akapiga goti mbele ya kigoda, lile goti bovu, nikalisikia likilia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Kaana alitabasamu.

"Nimekuja kukuomba."

"Niombe, mwanangu."

"Unipe ruhusa nikuache nyumbani."

Tabasamu likabaki usoni kidogo, halafu likaondoka. "Baba mdogo, acha utani."

"Sitanii. Ukipigwa tena utakufa. Daktari alisema, wewe ulisikia."

Kaana alijiweka sawa kwenye kigoda. Alipofungua mdomo hakuwa tena kijana wa Makanya. "Mimi ni nani hapa?"

"Baba."

"Tangu sijui kusema mnaniambia mimi ndiye baba. Mmenikalisha kwenye kiti chake. Basi baba amesema anakwenda. Au leo ndiyo nimekuwa mtoto?"

Nathanaeli akainamisha kichwa. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilitaka kumzaba kijana kibao, mume wangu pia, na mzee kaburini kwake. Lakini tangu lini mtu akampiga baba mkwe wake? Gari likapiga honi kule chini.

Kaana, kuonyesha kwamba mazungumzo yameisha, akachukua chupa ya chai akamimina. Akaimimina pembeni ya kikombe. Chai ikatanda mezani, ikadondoka kwenye kiatu chake kipya, naye hakuona. Akainua kikombe, akakipeleka mdomoni.

Mama mkwe alikuwa ameingia na kuni. Akaziachia chini zote.

Alikuja mpaka kwenye meza, akamshika mkono kabla hajashusha kikombe.

"Mume wangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani hata kidogo, "tazama unachokunywa."

Kaana akatazama ndani ya kikombe. Akatazama meza. Akatazama kiatu.

"Mimi nilishakuzika mara moja," mama mkwe akasema. "Sikuziki tena. Vua hizo nguo."

Kijana hakusogea. Akamtazama Nathanaeli, na mimi nikaelewa anachongoja. Anangoja mwenye neno aseme. Mama angeweza kufungua mlango. Kuupita, ilibidi Nathanaeli aupite mwenyewe, kwa neno lake.

Nathanaeli akainuka kutoka pale chini, akijishikilia ukuta.

"Kaanaeli," akasema.

Mle ndani, jina lile halijawahi kuitwa namna hiyo, wazi, mtu anaitwa kama mtoto. Hata mama mkwe alifumba macho, lakini hakukemea.

"Kaanaeli, mimi ndiye kocha. Huendi."

Kisha akachukua begi lake, akashuka kwenye gari. Alipofika Same alimpigia Edgar, akamtajia kijana mwingine wa kujaza nafasi, na Edgar alipoanza kupayuka akakata simu. Walikwenda, wakashindwa karibu mechi zote. Magazeti hayakuandika. Wapiga debe wa stendi waliandika wao, kwa midomo, na bado wanaandika.

Kaana hakuzungumza nasi mpaka kichwa kilipopoa, na kichwa kilichukua muda mrefu kupoa. Sasa macho hayamchomi. Chai anamimina ndani ya kikombe; namchungulia kila asubuhi, anajua namchungulia. Amerudi kunitania, ananiita mkwe. Mama mkwe anamwita mume wangu kama zamani na yeye anakula nyama yake laini. Daktari amesema labda mwakani atacheza, labda hatacheza. Wakati wa msaragambo baragumu lilipopigwa alikuwa wa kwanza kufika kwenye ndiva, na wazee wakasema mwenye jina amerudi kazini kwake.

Jioni ile ile Nathanaeli alipanda kutoka Same. Kaana alikuwa uani kwenye kigoda, anakwangua matope kwenye jembe. Nathanaeli aliweka begi chini, akachuchumaa kwa shida, kama anavyofanya kila anaporudi tangu ile safari.

"Shikamoo baba."

Jembe lilikwanguliwa. Upande mmoja, kisha upande wa pili. Nathanaeli alingoja, halafu akaokota begi lake akaja jikoni.

Nilikuwa nimepandwa na hasira. Nilimwambia inatosha, mimi nakwenda kumwambia ukweli huyo kijana, ama akuitikie au kigoda nakitia jikoni nipikie makande. Nilishafika mlangoni. Nathanaeli akanishika kitenge.

"Mwache," akasema. "Huyu bado anaweza kuitikia."